Fleming: Aliyegundua penisilini na kuhofia matumizi yake mabaya

MTU aliyeipa dunia penisilini alikuwa pia miongoni mwa wa kwanza kuonya kwamba wagonjwa wenyewe wangeweza kuiharibu.

Alexander Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji wa Darvel, Scotland. Alifiwa na baba akiwa na miaka saba. Alihamia London akiwa kijana, akawa karani katika kampuni ya meli hadi urithi kutoka kwa ami yake ulipomwezesha kusomea udaktari katika Hospitali ya St Mary's.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpeleka Boulogne, Ufaransa. Huko alishuhudia wanajeshi walionusurika risasi wakiangamizwa na vidonda vilivyooza.

Septemba 1928, aliporejea kutoka likizoni, alikuta kuvu imeota katika kisahani alimooteshea bakteria wa stafilokokasi. Kandokando ya kuvu hiyo, bakteria walikuwa wametoweka. (Unadhifu haukuwa sifa ya maabara yake, na safari hiyo uchafu ulileta heri.) Hata hivyo, hakufaulu kuisafisha dawa hiyo iwe ya kutibu watu. Kazi hiyo ilitekelezwa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao. Askari polisi waliyemtibu mwaka 1941 alianza kupata nafuu, lakini dawa ikaisha, akafariki, ingawa walikuwa wakiichuja kutoka kwa mkojo wake na kumdunga tena.

Watatu hao walituzwa Nobeli mwaka 1945. Katika mhadhara wake jijini Stockholm, Desemba 11, Fleming alisimulia kisa cha kubuni cha mume anayeumwa koo. Mume huyo anajinunulia penisilini na kutumia kiasi kidogo, kisichotosha kuwaua bakteria bali kinachowafunza kuihimili. Kisha anamwambukiza mkewe, ambaye anaugua nimonia. Penisilini inashindwa kumtibu, naye anafariki. Kwa Fleming, lawama ilikuwa ya mume. Mume huyo angali nasi, katika kila foleni ya duka la dawa linalouza tembe bila cheti cha daktari.

Kufikia 1948, zaidi ya nusu ya stafilokokasi waliopimwa katika Hospitali ya Hammersmith, London, walikuwa sugu kwa penisilini.

Fleming alifariki Machi 11, 1955 kutokana na mshtuko wa moyo. Majivu yake yalizikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's, London.