Whymper, kijana aliyejitengenezea hema la kushindana na theluji

Wewe unayepanga kupanda Mlima Kenya na mbogi yako Desemba, na tayari umeona hema la bei poa mtandaoni, hebu kwanza umjue Edward Whymper.

Alizaliwa London, Aprili 27, 1840. Babake alikuwa mchongaji wa picha kwenye mbao, kazi iliyotegemewa sana na wachapishaji wa vitabu enzi hizo, naye akaifuata akiwa bado mvulana. Mnamo 1860 mchapishaji mmoja akamtuma milima ya Alps akachore. Hakuwa mpanda milima. Alienda kutafuta riziki, akarudi moyo wake umenaswa na Matterhorn, mlima wa mita 4,478 mpakani mwa Uswisi na Italia ambao hakuna aliyekuwa amefika kileleni.

Agosti 1861 alilala huko juu na hema alilonunua London. Kwao lilipendeza kweli. Lakini mlimani, upepo ukipenya kati ya majabali, vigingi viling'oka, mlango ukakataa kufungika, na hema nusura lipae. Ikabidi yeye na mwenzake walishushe na kulikalia, kisha usiku wakajifunika nalo kama blanketi. Wengi wetu tungerudi kumfokea muuzaji. Yeye alikaa chini akabuni lake.

Ona alivyofikiria. Nguzo nne za mbao ngumu, kila moja kama mita mbili, zenye ncha za chuma. Mbili zilipishana mbele na mbili nyuma, kama herufi A. Kamba moja ndefu ilipita juu ya makutano hayo ikafungwa kwenye mawe, kwa sababu kigingi kwenye mwamba ni kazi bure. Sakafu ilikuwa ya kitambaa chenye mpira, imeshonwa moja kwa moja na hema na kupanda kuta karibu futi mbili, ndiyo theluji na upepo visipate pa kuingilia. Lilitosha watu wanne na lilikuwa na uzani wa kilo kumi na kitu. Leo ungesema huo ni mzigo wa punda, lakini ukienda kununua, zile nguzo na ile sakafu ndizo za kukagua kabla ya rangi.

Mzigo huo aliubeba sana Luc Meynet, mwanakijiji wa Breuil mwenye kibyongo, ambaye Whymper alimsifu kuliko waongozaji wengi waliojigamba.

Kutunza je? Julai 1862, baada ya dhoruba, Whymper alipanda peke yake kuangalia kama hema aliloliacha juu lingali salama. Alilikuta limefunikwa na theluji ila limesimama. Akalala humo. Kesho yake, akishuka, aliteleza akaanguka takriban mita 60, akapasuka kichwa. Alipona. (Wewe usiende peke yako, na ukirudi nyumbani lianike hema likauke kabla ya kulikunja. Likikaa na unyevu litaota ukungu.)

Julai 14, 1865, akiwa na miaka 25, alifika kileleni mwa Matterhorn pamoja na wenzake sita. Wakishuka, mmoja aliteleza, kamba ikakatika, na wanne wakafa. Kamba iliyokatika ilikuwa dhaifu kuliko zote walizobeba. Mtu aliyepima kila mshono wa hema lake hakuikagua kamba hiyo siku ile, na maswali kuhusu jambo hilo yalimfuata maisha yake yote.

Aliendelea hata hivyo. Mnamo 1880 alikuwa wa kwanza kufika juu ya Chimborazo, Ecuador, kisha akapiga hema kando ya shimo la volkano ya Cotopaxi, karibu mita 5,900, akakesha hapo. Nje baridi kali, chini ardhi ya moto hadi mpira wa sakafu ukaanza kunuka!

Whymper alifariki akiwa hotelini Chamonix, Ufaransa, Septemba 16, 1911. Miaka kumi baadaye Waingereza walipoanza safari za Everest, mahema ya muundo wake yalikuwa miongoni mwa mizigo yao.