Ohm, mwana wa fundi kufuli aliyeupigia umeme hesabu

Georg Simon Ohm alifariki mjini Munich, Ujerumani, tarehe 6 Julai 1854. Ilipobaki miezi miwili na siku chache kutimia miaka 100 ya kifo chake, tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alizindua bwawa la Owen Falls huko Jinja, ambalo leo huitwa Nalubaale. Ohm hakuwahi kufika Afrika. Hata hivyo, fundi anayefunga mota ya mashine ya kusaga pale Malukhu, eneo la viwanda la Mbale, anafuata hesabu yake, awe analijua jina hilo au halijui.

Alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 mjini Erlangen, katika dola ndogo ya wakati huo. Baba yake alikuwa fundi kufuli ambaye hakusoma shule za juu, lakini alijifunza hisabati mwenyewe na kuwafundisha wanawe wawili nyumbani. Mama alifariki Georg akiwa na umri wa miaka 10. Mwaka 1805 kijana aliingia chuo kikuu, akanogewa na dansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu. Baba alikasirika, akamtoa chuoni baada ya mihula mitatu. Georg akaenda kufundisha hesabu Uswisi, akajisomea usiku, na mwaka 1811 akarudi Erlangen kuchukua shahada ya udaktari.

Mwaka 1817 alipata kazi ya ualimu mjini Cologne, katika shule iliyokuwa na maabara nzuri. Hapo ndipo ufundi wa nyumbani ulipomfaa, kwa kuwa vifaa vingi alivitengeneza mwenyewe. Betri za siku hizo zilikuwa za kusumbua: nguvu yake ilishuka wakati mtu bado anapima. Mwaka 1826 Ohm aliziacha, akatumia kiungo cha shaba na bismathi, ncha moja kwenye maji yanayochemka na nyingine kwenye barafu inayoyeyuka, akapata umeme mdogo lakini usioyumba. Kisha akaunganisha nyaya nane za shaba, unene mmoja, urefu tofauti, akaona jinsi sindano ya sumaku inavyogeuka kwa kila waya.

Alichokipata kinaingia kwenye sentensi moja. Gawanya volti kwa ampea, utapata ukinzani, yaani jinsi waya au kifaa kinavyouzuia umeme kupita. Waya mrefu hukinza zaidi, mnene hukinza kidogo. Baadaye James Joule wa Manchester alionyesha joto linalotokana na mkondo huo, na kutokana na kazi hiyo mafundi hupata wati kwa kuzidisha volti kwa ampea.

Mfanyabiashara wa Busia au Malaba anaweza kupoteza mtaji kwa kutojua hayo. Tuseme kifaa cha kupasha joto kilichotengenezwa kwa soko la Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100, kimeandikwa wati 1,000. Maana yake kinavuta ampea 10, na ukinzani wake ni omu 10. Kikichomekwa Mbale au Eldoret kwenye volti 240, ukinzani ni karibu uleule, kwa hiyo mkondo unaruka hadi ampea 24, na nguvu hadi wati 5,760. Hicho si kifaa tena, ni moto. Kibandiko cha nyuma ya mzigo kina bei yake, na anayekisoma kabla ya kulipa hatabishana na mteja baada ya kuuza.

Ohm mwenyewe hakupata faida haraka. Kitabu chake cha mwaka 1827 kilipokelewa vibaya na wasomi wa Kijerumani waliodhani maumbile hayaelezwi kwa hesabu za namna hiyo. Mwaka 1828 aliacha kazi yake ya Cologne, akaishi Berlin kwa vibarua vya kufundisha. Mwaka 1833 alipata nafasi Nuremberg. Wakati huo Ujerumani ilikuwa nchi nyingi ndogo, kila moja na ushuru wake. Umoja wa forodha ulianza mwaka uliofuata, 1834. Heshima nayo ilitoka ng'ambo: mwaka 1841 Chama cha Kifalme cha London kilimpa medali ya Copley. Kwao alisubiri hadi 1852 kupewa uprofesa kamili Munich, miaka miwili tu kabla ya kufa.

Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris ulikubali omu, volti na ampea ziwe vipimo vya pamoja, Mjerumani, Mwitaliano na Mfaransa wakikaa kwenye kibandiko kimoja.

Hesabu hiyohiyo ilitumika umeme wa Jinja ulipovushwa mpaka kwenda Nairobi kupitia Tororo, katika miaka ya 1950, kwa njia ya volti 132,000. Volti ikipandishwa mara 10, mkondo unaohitajika kwa kazi ileile hupungua mara 10, na joto linalopotea kwenye nyaya hupungua mara 100.