Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh (1831–1910): Mtumishi wa Wagonjwa wa Akili

Miongoni mwa watu ambao kazi yao imegusa maisha ya Kanisa katika Usambara na Tanga, yumo mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Huyo ni Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel, Ujerumani. Wazee wengi wanalijua jina la Bethel kwa sababu ya wamisionari. Ni wachache wanaofahamu kwamba kabla ya kuwa makao ya umisheni, Bethel ilikuwa kimbilio la wagonjwa wa kifafa na wa akili. Maisha ya mtumishi huyu yafaa kukumbukwa, kwa kuwa hata leo jamaa nyingi zenye mgonjwa wa akili zinasumbuka kwa swali moja: je, apelekwe kwa mchungaji au kwa daktari?

Friedrich alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 katika nchi ya Westfalia. Baba yake alikuwa mtu mkubwa katika serikali ya Prusia, akafikia cheo cha waziri. Hivyo kijana huyu alicheza na mwana wa mfalme, ambaye baadaye alitawala kama Kaisari Friedrich wa Tatu. Lakini moyo wake haukushikwa na fahari ya ikulu. Alijifunza kilimo, akawa msimamizi wa mashamba makubwa huko Pomerania, na hapo akauona umaskini wa vibarua. Siku moja alisoma kijitabu cha umisheni chenye habari za kijana wa Kichina, akasikia wito. Aliacha mashamba, akaenda kusoma theolojia Basel, Erlangen na Berlin, akitumaini kutumwa nchi za mbali.

Njia ya Mungu ilikuwa nyingine. Mwaka 1858 alitumwa Paris kuwahudumia Wajerumani maskini waliofagia barabara za mji ule. Mwaka 1861 alimwoa Ida, binti wa ukoo wake, na mwaka 1864 akawa mchungaji wa Dellwig. Huko ndiko msiba ulikompata. Mwezi Januari 1869 ugonjwa wa kifaduro uliingia nyumbani mwake, na katika muda wa majuma mawili watoto wao wanne, yaani wote waliokuwa nao, walikufa. Mungu aliwajalia baadaye watoto wengine wanne, ila jeraha lile halikusahauliwa. Mtu aliyezika watoto wanne katika mwezi mmoja hakuweza tena kumfariji aliyeumia kwa maneno mepesi.

Mwaka 1872 aliitwa Bielefeld kuongoza kituo kidogo cha wagonjwa wa kifafa kilichoanzishwa mwaka 1867. Siku zile wenye kifafa walifichwa na kuogopwa, na wengi waliwadhania wamepagawa. Kituo kikapewa jina la Bethel, maana yake Nyumba ya Mungu. Alipofariki, kilikuwa kimekuwa kama mji, chenye wagonjwa zaidi ya elfu mbili.

Utaratibu wa Bethel ulikuwa wa namna yake. Wagonjwa hawakurundikwa katika jengo moja kubwa, bali walikaa katika nyumba nyingi kama jamaa, kila nyumba ikiwa na walezi wake: masista wa Sarepta au ndugu mashemasi wa Nazareti. Kila aliyeweza alipewa kazi, shambani, katika useremala au ufumaji, kwa sababu Bodelschwingh aliamini kwamba anayetegemewa na wenzake hupata tena heshima yake. Waliabudu pamoja, wagonjwa na wazima, katika Kanisa la Sayuni lililofunguliwa mwaka 1884. Pamoja na hayo madaktari waliajiriwa, na dawa ya bromidi, ambayo wakati ule ndiyo iliyopunguza kifafa, ilitumika. Sala haikuzuia dawa, wala dawa haikuondoa sala.

Lakini jambo hilo halikukubalika pasipo mabishano. Bodelschwingh alitaka nyumba za wagonjwa wa akili ziongozwe na watu wa Kanisa, na mwaka 1889 alishiriki kuwaunganisha wachungaji waliohudumu katika hospitali za namna hiyo. Madaktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani, waliokutana Frankfurt mwaka 1893, walipinga vikali. Walisema ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine, na kwamba hospitali yake sharti iwe chini ya tabibu. Hofu yao haikuwa bure, kwa maana baadhi ya wachungaji walihesabu ugonjwa huo kuwa matokeo ya dhambi au kazi ya pepo, na mgonjwa aliyehukumiwa hivyo aliongezewa mzigo juu ya mzigo. Katika hilo madaktari walikuwa na haki. Naye Bodelschwingh alikuwa na haki aliposhikilia kwamba mgonjwa si ubongo tu, bali ni mtu mwenye nafsi, anayehitaji kusikilizwa, kupendwa na kuombewa. Kila upande ulikuwa na jambo la kujifunza kwa mwenzake.

Wito wake wa ujana haukupotea. Kuanzia mwaka 1890 aliitegemeza Misheni ya Kievangeli ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Berlin mwaka 1886, na mwaka 1906 makao yake yalihamia Bethel. Masista na mashemasi walivuka bahari. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, makao ya watoto waliokombolewa utumwani yalifunguliwa mwaka 1896. Watoto walipokua, nyumba zile zikaanza kuwapokea wagonjwa wa akili mnamo mwaka 1904. Hivyo huduma ya Bethel ikapata mzizi hapa nchini: makazi, kazi za mikono, matibabu na ibada.

Mchungaji Bodelschwingh alilala katika Bwana tarehe 2 Aprili 1910. Mwanawe, aliyeitwa pia Friedrich, alishika uongozi. Mwaka 1940, serikali ya Hitler ilipodai orodha za wagonjwa ili wauawe, alikataa fomu zile zijazwe, akawasihi wakuu waache. Hata hivyo historia haifichi kwamba wagonjwa Wayahudi waliondolewa Bethel na kuuawa, na kwamba kabla ya hapo wagonjwa wengi walifungwa uzazi kwa nguvu ya sheria. Hata nyumba iliyojengwa kwa upendo yahitaji kulindwa kila kizazi.

Usharika unapotimiza miaka mia moja, maisha haya yanatoa jibu kwa jamaa zenye swali lile. Mgonjwa apelekwe kwa daktari, na mchungaji aende pamoja naye. Mchungaji asimwambie aache dawa ili athibitishe imani yake, na mshauri mwenye taaluma asidharau sala inayomtia mgonjwa nguvu ya kuamka asubuhi. Naye mgonjwa asifichwe chumbani siku ya ibada, bali atengewe nafasi katika benchi, kama walivyoketi wagonjwa wa Bethel katika Kanisa la Sayuni. Mungu apewe sifa kwa ajili ya mtumishi wake.