Dr. Leakey na Vigingi vya Chuma

Katika likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Bujumbura, nikimsaidia baba katika karakana ya kuchomelea vyuma kule Zone Industrielle. Siku moja alinituma nikapime mlango wa ghala. Nilipima, lakini sikuandika, maana nilikiamini kichwa changu. Tulipokwisha kukata vyuma, mlango ukapungua karibu shibiri nzima. Baba hakunigombeza. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko fimbo. Niliporudi shuleni nikasoma habari za Dr. Louis Leakey, nikaona kuwa hata mtu mkubwa aliwahi kuanguka katika shimo lilo hilo. Basi, wasomaji wapenzi, nimeona vema niwasimulieni maisha yake.

Louis Leakey alizaliwa Kabete, Kenya, tarehe 7 Agosti, 1903. Wazazi wake walikuwa wamisionari Waingereza. Alikua pamoja na vijana wa Kikuyu, akaijua lugha yao vizuri, hata akaingizwa katika rika lao. Alipokuwa mtoto aliokota vipande vya mawe meusi vyenye makali, akatambua kuwa vilichongwa na watu wa kale. Tangu siku hiyo alitamani kujua watu hao walikuwa nani. Alikwenda kusoma Cambridge akitarajia kuwa mmisionari kama baba yake, lakini mawe yalimvuta zaidi.

Siku hizo wataalamu wengi walidhani kuwa chanzo cha binadamu ni Asia. Leakey alishikilia kuwa ni Afrika. Mwaka 1931 alianza kazi Olduvai, Tanganyika. Mwaka 1932 yeye na watu wake walipata taya huko Kanam, karibu na Ziwa Victoria, naye akatangaza kuwa ni la babu wa kale wa watu wa namna yetu.

Mwaka 1935 Profesa Boswell, mtaalamu wa miamba, alikuja kuhakikisha. Hapo ndipo aibu ilipoanza. Vigingi vya chuma ambavyo Leakey alivisimika kuwa alama vilikuwa vimekwisha chukuliwa. Sikushangaa, maana kwetu Zone Industrielle chuma kilichoachwa nje hakilali hata usiku mmoja! Ramani nzuri ya mahali pale hakuwa nayo, na picha aliyokuwa ameionyesha ilikuwa ya mahali pengine. Boswell aliyatangaza hayo, na sifa ya Leakey ikashuka sana. Baadaye wataalamu waliona kuwa taya lile si la zamani kama alivyodhani.

Je, alikata tamaa? La, hasha. Alirudi kazini pamoja na mkewe, Mary, aliyekuwa hodari wa kuchora na kupima kila kitu kwa uangalifu. Tarehe 17 Julai, 1959, Leakey alikuwa amelala kambini kwa homa, na Mary akaenda peke yake bondeni Olduvai. Huko akaona fuvu la kichwa limechomoza ardhini. Safari hii hapakuwa na shaka juu ya mahali. Mwaka 1961 majivu ya volkeno ya tabaka lile yalipimwa, yakaonekana kuwa na umri wa miaka kama milioni 1.75. Kiumbe yule hakuwa babu yetu hasa, bali wa tawi la kando. Lakini mwaka 1964 Leakey na wenzake walitangaza mwingine wa Olduvai, Homo habilis, aliye karibu nasi zaidi.

Tena ndiye aliyempeleka Jane Goodall kuchunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960, katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, ziwa hili hili tunaloliona Bujumbura.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba, 1972, akazikwa Limuru, Kenya. Leo wataalamu wanakubali kuwa chimbuko la binadamu ni Afrika. Mifupa ya watu wa namna yetu iliyopatikana Jebel Irhoud, Morocco, ina umri wa miaka 300,000 hivi.

Basi Leakey alikuwa na kweli kuhusu Afrika tangu mwanzo, lakini kweli bila vipimo haikumsaidia mbele ya Boswell. Nami nimenunua daftari dogo na penseli. Likizo ijayo nitamwomba baba anitume tena kupima.