Carey Francis: Mwanahisabati wa Maseno

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897. Baada ya kupigana nchini Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alijiunga na Chuo cha Trinity, Cambridge, akang'ara katika hisabati. Punde si punde akawa mhadhiri wa somo hilo katika Chuo cha Peterhouse. Laiti angebaki huko, pengine angekumbukwa na wanahisabati wachache tu. Mwaka 1928 aliiacha kazi hiyo, akaja Kenya chini ya shirika la kimisheni la CMS na kuwa mkuu wa Shule ya Maseno, karibu na Kisumu.

Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilimdai Francis mengi kuliko hisabati. Ilimbidi awe mwalimu, mlezi, msimamizi wa fedha na mwandishi. Baadaye vitabu vyake vya hesabu vilitumiwa na watoto wengi wa shule za msingi. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake Maseno ni Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya.

Mwaka 1940 alihamia Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, akaiongoza hadi mwaka 1962. Alikuwa mkali wa nidhamu, na hakuficha imani yake katika himaya ya Uingereza. Aliipinga Mau Mau, ingawa aliulalamikia pia ukatili wa vikosi vya serikali. Sifa zake na dosari zake hazina budi kusomwa pamoja.

Mmoja wa walimu wa hisabati waliofanya kazi chini yake Alliance alikuwa Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem aliyesomea Maseno na kisha Makerere. Ogot alikwenda Uskoti kusoma historia, akawa mwanahistoria mashuhuri hadi kifo chake mwaka 2025. Katika utafiti wake kuhusu Waluo, alihesabu vizazi katika nasaba zilizosimuliwa na wazee ili kukadiria nyakati za uhamaji wao. Hapo hesabu iliifaa historia, nayo historia ikaipa hesabu kazi ya kufanya.

Francis alipostaafu hakurudi kwao. Alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi. Aliendelea kufundisha huko hadi alipofariki mwaka 1966.

Maisha hayo yana uzito kwa wanafunzi wanaosomea shahada za hisabati na sayansi ya tarakilishi. Wengi hunung'unika wanapotakiwa kuchukua kozi za masomo yanayohusiana na fani yao, kama vile fizikia, uchumi au takwimu. Huziona kama mzigo unaowachelewesha. Hata hivyo, kidole kimoja hakivunji chawa.

Chukua mfano wa Obunga, mtaa wa mabanda mjini Kisumu. Humo akina mama hununua mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu, wakaikaanga na kuiuza kwa jina la mgongo wazi. Atakayetaka kukadiria faida yao atahitaji kujua bei ya mafuta na kuni, msimu wa samaki, na soko la minofu ng'ambo linaloamua kiasi cha mifupa kinachobaki. Mlinganyo ataujua kutoka darasa la hisabati. Lakini namba za kuutia humo zitatoka kwenye uchumi, elimu ya samaki, na mazungumzo na wanaokaanga, kwa lugha yao. Asiyejua chochote kati ya hayo atapata jibu sahihi la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Cambridge ilimpa Francis hisabati. Maseno, Alliance na Pumwani zikampa watu wa kuitumikia kwayo. Leo Maseno ina chuo kikuu chenye skuli ya hisabati na takwimu, na Obunga haiko mbali nacho.