Michael Faraday, mtu wa benzeni

Wanafunzi wa seksyo Biokimia wanamjua Faraday kwa mambo ya umeme. Lakini ile benzeni tunayochora kila juma katika daftari, pete ya kaboni 6 na idrojeni 6, yeye ndiye aliyeipata wa kwanza.

Alizaliwa Uingereza tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mhunzi mgonjwa-mgonjwa, na nyumbani njaa haikuwa mgeni. Shule alisoma kidogo tu. Alipotimiza miaka 14 alipelekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu London, akakaa huko miaka 7. Vitabu vilivyoletwa kushonwa, yeye alivisoma kwanza! Mwaka 1812 alisikiliza masomo ya mwanakimia Humphry Davy, akaandika yote, akayajalidi, akamtumia Davy mwenyewe. Mwaka 1813 Davy akampa kazi ya msaidizi katika laboratwari.

Siku zile London kulikuwa na gesi ya taa iliyotengenezwa kwa mafuta ya nyangumi na ya samaki, ikakandamizwa ndani ya vyombo vya chuma. Chini ya vyombo yalibaki maji-maji. Mwaka 1825 Faraday aliyachukua, akayachemsha kidogo-kidogo, akayagandisha kwa barafu, mpaka akapata kitu kimoja safi. Kinaganda kwa digri 5,5 na kuchemka karibu na digri 80. Hapa Uvira, bila frigo, hatutakiona kikiganda kamwe. Umbo la pete lilielezwa na Kekulé mwaka 1865.

Leo benzeni inatumiwa kutengeneza plastiki, rangi, dawa na sabuni ya unga. Naftalini ya ndani ya valizi ni ndugu yake, ina pete 2. Lakini jihadharini: benzeni imo katika esansi ile inayouzwa kwa chupa barabarani. Inaingia kwa pumzi na kwa ngozi, inaharibu uboho ambamo damu inatengenezwa, na kisha miaka inaweza kuleta kansa ya damu. Basi hao wanaonyonya esansi kwa mdomo na mpira, waache, watumie pompe. Tena mvuke wake ni mzito kupita hewa, unatambaa chini mpaka kwenye mbabula, na moto unarudi mbio.

Mwaka 1831 Faraday alivumbua namna sumaku inavyozaa umeme, na mashini za Ruzizi zinafuata njia hiyo mpaka leo. Alikataa kuitwa Sir. Alikuwa mzee wa kanisa dogo. Yeye na mkewe Sarah hawakupata mtoto. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867, akazikwa Highgate, London.