Domingo de Santo Tomás: Mchungaji Aliyeanza kwa Kusikiliza

Wanaochunguza maisha ya wenyeji wa milima ya Andes wangali wakivirejea vitabu viwili vilivyochapwa Valladolid, Hispania, mwaka 1560: sarufi ya kwanza ya lugha ya Kikechua na kamusi yake. Mwandishi wake ni mtawa Mdominiko, Domingo de Santo Tomás.

Alizaliwa Sevilla mwaka 1499, akafika Peru mnamo 1540, nchi ikiwa bado inavuja damu ya vita vya utekaji. Akakaa na wenyeji, akajifunza lugha yao vinywani mwao. Alitaka mfalme atambue kwamba watu wenye lugha iliyopangika vizuri hivyo si watu duni. Katika kamusi yake, neno supay lilimtaja malaika, awe mwema au mbaya. Waliomfuata walilifanya jina la shetani tu. Yeye aliwasikiliza wenye neno kwanza.

Kusikiliza huko kulimdai haki. Mwaka 1550 aliliandikia Baraza la Mfalme juu ya machimbo ya fedha ya Potosí, akiyafananisha na kinywa cha jehanamu kinachomeza watu kwa ajili ya uchu wa mali. Walowezi walipotaka kununua kwa Mfalme Filipo II haki ya kudumu ya kuwatoza wenyeji kodi, machifu walimteua yeye na Bartolomé de las Casas wawasemee, wakaahidi kulipa zaidi ya dau la walowezi. Mpango wa walowezi haukutimia.

Alifariki mwaka 1570 akiwa askofu wa Charcas, katika mji uitwao leo Sucre, nchini Bolivia. Machimbo ya Potosí hayakufungwa, nayo Injili aliyoihubiri ilikuwa imefika pamoja na upanga. Hatuwezi kuficha hayo.

Lakini maisha yake yanatuhoji, hasa sisi mapadre. Ni mara ngapi tunatumwa kwenye parokia yenye lugha isiyo yetu, tukaridhika kuhubiri bila kujifunza hata salamu za wazee? Asiyejua jina la maumivu ya mtu atamtetea namna gani? Tumwombe Mungu atujalie masikio kabla ya kutujalia maneno.